Njia Panda: shajara ya kumfungulia mchezaji wa pekee gemu ya watu wengi

Njia Panda ni gemu ya maandishi, ya watu wengi, ya Kiswahili, na inachezwa kwa brauza ya simu. Unaandika "nenda kaskazini" ama "piga zimwi" na wote walio mahali hapo wanaona papo hapo. Ni ukoo wa zile gemu zilizoanza na MUD (Multi-User Dungeon) ya Roy Trubshaw na Richard Bartle pale Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978. Tulichagua maandishi juu hayamalizi bando, na simu ya zamani yenye kioo kimepasuka inaicheza sawasawa na simu mpya. Tumeijenga kwa Evennia, programu ya kutengenezea gemu za aina hii, ambayo ni ya bure na imeandikwa kwa Python. Tuko watatu, wote Nairobi: mimi naandika programu, mwingine anaandika hadithi na mahali, mwingine anaangalia seva.

Shajara hii ni ya jambo moja tu, vile tunajaribu kuifanya gemu imfae mtu anayecheza peke yake bila kuiharibu kwa wale wanaocheza kwa vyama, yaani makundi yaliyojipanga. Kama una gemu ya aina hii, chukua chochote utakachoona kinafaa.

Februari 8, 2025: watu wanaishia darajani

Kuweka Evennia siandiki sana, ni pip install evennia, evennia --init, evennia migrate, evennia start na umemaliza. Seva ni ya kukodi, dola 6 kwa mwezi, yaani kama shilingi 780 kwa bei ya dola ya saa hii, RAM giga 1 na inatosha kabisa. Jina la tovuti tulilipia kando.

Shida ni hii. Tukipitia logi tunaona mtu anaingia, anapenda, anacheza wiki nzima kila usiku, anafika Daraja la Zimwi, basi. Harudi. Lile daraja tulilitengeneza kwa watu watatu, mmoja wa kupokea kipigo, mmoja wa kuganga na mmoja wa kupiga, na huwezi kuvuka kwenda bara kama zimwi hajaanguka. Kwa hivyo kila asiye na kundi anagonga hapo na njia imeisha.

Tukaamua kuwauliza. Walioacha tuliwaandikia WhatsApp mmoja mmoja, wale waliokuwa wametupa namba kwa hiari. Nilidhani wengi wataniambia gemu ni ngumu, lakini hakuna aliyesema hivyo. Mlinzi mmoja wa usiku kule Upper Hill akaniambia, "Kaka, mimi nacheza saa nane usiku kati ya raundi moja na nyingine. Nikiwa kwa kundi alafu supavaiza atokee, simu inaingia mfukoni saa hiyo hiyo, na wenzangu wanakufa. Nilifanya hivyo mara kadhaa nikaona aibu, nikaacha." Dada mwenye duka la M-Pesa huko Umoja naye ni wateja, mtu akifika dirishani hawezi kumwambia ngoja kwanza nimalize zimwi. Kuna mama wa mtoto mchanga. Kuna kijana wa chuo aliyesema tu yeye haongei na watu asiowajua, hata kwa maandishi, na akaomba tusimlazimishe.

Na kuna hili la wanawake ambalo limetuuma sana. Waliojibu, karibu wote walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: ukiitikia kuingia kundi, swali la kwanza ni uko wapi na la pili ni namba ya simu. Sasa kama gemu inakwambia huwezi kuvuka daraja bila kundi, gemu yenyewe ndiyo inakusukuma kwa huyo mtu.

Nikawauliza wote swali la mwisho, si basi mcheze gemu za oflaini, zipo tele? Wakakataa. Wanapenda kuona watu. Wanapenda kufika sokoni wakute wengine wanabishana bei ya chumvi, wanapenda kuona fulani amepita na upanga mpya. Baadaye nikakumbuka utafiti wa Nicolas Ducheneaut, Nicholas Yee na wenzao wa 2006 kuhusu gemu ya World of Warcraft, waliona kwamba muda mwingi watu hawachezi na wenzao, wanacheza wakiwa wamezungukwa nao, na wale wengine wanakuwa hadhira na uchangamfu wa mahali. Hiyo ni karibu miaka 20 iliyopita na bado watengenezaji wengi wanamchukulia mchezaji wa pekee kama mtu aliyepotea njia anayefaa kurudishwa zizini.

Machi 1, 2025: nakala za pekee, na kwa nini tumeziondoa

Jaribio la kwanza lilikuwa lile linalomjia kila mtu kichwani: ukiwa peke yako, gemu inakutengenezea nakala yako ya daraja, zimwi mdogo, wewe na yeye tu. Kwa Evennia ni rahisi, unatengeneza chumba kipya mtu akiingia na unakifuta akitoka. Tulifanya hivyo kwa daraja, alafu kwa msitu, alafu kwa mapango yote matatu, juu kila tulipoweka watu walivuka vizuri na tulifurahi.

Sokoni kukakauka. Mtu alikuwa anaingia, anazama kwa nakala yake, anamaliza bando lake huko ndani na kulala. Ukisimama njia panda yenyewe, pale palipoipa gemu jina, unaweza kukaa saa nzima bila kuona jina la mtu likipita, na huku seva inasema watu wamo. Wa kwanza kulalamika hawakuwa wa vyama, walikuwa wale wale wa pekee tuliowatengenezea. Dada wa Umoja akaandika, "Mmenipa nyumba yangu nzuri lakini mmehamisha mtaa."

Hapo ndipo nilielewa tofauti. Kwa Old School RuneScape kuna hali ya Ironman, iliingia Oktoba 2014, mchezaji anakataa mwenyewe kununua wala kupokea kitu kwa wengine, kila kitu ajitafutie. Huyo ni wa pekee kuliko wote, lakini anasimama benki moja na wengine wote, wanaona alama kando ya jina lake na wanajua kazi aliyofanya. Upekee wake unaonekana na watu. Wetu tulikuwa tumeuficha.

Nakala zote zimeondolewa, imebaki moja ya mafunzo ya mwanzo. Kila jaribio kuanzia hapa linafanyika kwenye dunia moja ya wote, na swali tunalojiuliza kila mara ni, mtu akiwa karibu na mwenzake, ni nini kinamgharimu? Hicho ndicho tunatoa.

Machi 22, 2025: kila mtu na fungu lake

Mwanzo, anayepiga pigo la mwisho ndiye aliyekuwa anapata mali, na mmea wa dawa ukichunwa na mmoja umeisha kwa wote. Maana yake mgeni yeyote akitokea ulipo ni mwizi anayetarajiwa. Guild Wars 2 walishalitatua hili tangu 2012, kila aliyechangia anapata zawadi yake mwenyewe, mti ukiukata wewe mimi nauona bado uko, na ukimwinua aliyeanguka unapata pointi hata kama humjui. Tumenakili wazo hilo bila haya.

Kuchuma ilikuwa kazi ya jioni moja. Zimwi ndiye alitusumbua. Kila zimwi sasa anabeba orodha ya waliochangia, nani kampiga, nani kaganga wenzake, nani kapokea kipigo. Nilipoanza niliiweka orodha kwenye db ya Evennia, na kila pigo likawa linaandikwa kwa databesi, kukiwa na watu sita wanapigana amri zinaanza kuchelewa hadi unahisi. Tumehamishia kwenye ndb ambayo inakaa kwa kumbukumbu ya seva tu, na mwendo umerudi. Jua tu kwamba ndb inafutika ukirilodi seva, so tunarilodi wakati hakuna vita. Wachezaji wenyewe hawakatiki wakati wa kurilodi, juu Evennia ina sehemu mbili, Portal inashika mawasiliano huku Server inaanza upya nyuma yake. Hilo peke yake ni sababu ya kuichagua.

Alafu wakatokea wa jiwe moja. Mtu anasimama mlango wa msitu, kila zimwi akipita anamtupia jiwe moja, vita inaenda kupiganwa mbele na wengine na yeye anangoja zawadi. Tukaweka kiwango cha mchango, asilimia 10 ya damu ya zimwi, tukawa tumewafungia nje wageni wa leveli ndogo ambao kweli walikuwa wanasaidia kwa nguvu zao zote. Kilichofanya kazi ni kuacha kupima ukubwa wa kipigo na kupima ushiriki: uwe umetenda jambo katika mizunguko minne ya vita hiyo, jambo lolote, kupiga, kuganga, kumvuta zimwi, kumwinua aliyeanguka. Mgeni wa leveli 3 akiganga mara nne anapata fungu lake kamili la leveli yake. Wa jiwe moja hapati kitu, na hakuna aliyelazimika kumfokea.

La pili ni ukubwa wa zimwi. Tulitaka awe na nguvu kulingana na watu waliopo, tukahesabu waliomo chumbani. Daraja ni njia ya kwenda sokoni. Unapigana na zimwi wa mtu mmoja umebakisha kidogo tu, wafanyabiashara wanne wanapita na chumvi yao, na ghafla zimwi amevimba mara tano. Mlinzi wa Upper Hill alikufa hivyo akaniamsha na ujumbe. Sasa anahesabiwa yule tu aliyegusa vita, anaongezeka polepole kwa mizunguko miwili, na mtu akiondoka zimwi anapungua tena. Hiyo ya kupungua usiisahau. Bila hiyo, mtu anayekimbia anamwachia mwenzake mzigo ambao hakuuomba, na tumerudi kule kwa kuogopana.

Aprili 19, 2025: Kobe, Sungura na Fisi

Daraja sasa linavukika ukibahatika kupata wengine wakipita. Saa nane usiku huwapati. Kwa hivyo tumeleta vibarua, wenzi wa kukodi wanaoendeshwa na kompyuta.

Wazo si geni. EverQuest, ambayo ilijulikana kwa kukulazimisha kutafuta kundi, ilileta wapiganaji wa kukodi 2008. Final Fantasy XIV ilileta mfumo wa Trust 2019, na 2022 ikaupanua ili hata mapango ya zamani ya hadithi kuu uyapite na wahusika wa kompyuta. The Elder Scrolls Online ilipata wenzi wake 2021, na World of Warcraft yenyewe ikafungua mapango ya kwenda na wafuasi wa kompyuta Januari 2024. Gemu hizo kubwa zote zimefika hapo, zingine baada ya miaka mingi ya kukataa.

Mwandishi wetu wa hadithi ndiye alikuja na hawa watatu, na nadhani hakuna mchezaji aliyehitaji kuelezwa. Kobe anapokea kipigo, anaingia kwa gamba na haondoki. Sungura anachengesha, zimwi anapiga hewa. Fisi anauma vibaya sana lakini posho yake ni nyama, kila mnyama mkimwangusha Fisi anakula nyama na ngozi kabla hujazigusa, unabaki na mifupa na pointi. Watu wanajadiliana kabisa, leo niende na Fisi haraka ama na Kobe polepole nirudi na ngozi.

Kilichofeli kwanza ni kelele. Gemu ya maandishi ina skrini moja, na simu inaonyesha mistari kumi na kitu. Ukiwa na vibarua wawili, kila pigo, kila kuchenga, kila hatua ni mstari, na yako mwenyewe hauioni. Hii ndiyo sura ya zamani, mzunguko mmoja tu:

Kobe anainua gamba.
Zimwi anampiga Kobe.
Gamba la Kobe linazuia.
Sungura anaruka kushoto.
Zimwi anamgeukia Sungura.
Zimwi anakosa.
Unampiga zimwi begani.
Sungura anacheka.

Na hii ya sasa:

Unampiga zimwi begani, anayumba. (Kobe amezuia, Sungura amemchosha.)
Damu yako 31, zimwi 12.

Vitendo vya vibarua vinakusanywa na kutolewa mara moja mwisho wa mzunguko, ndani ya mabano, na chako kinatangulia. Kitu kikubwa tu kama kuanguka kwa kibarua ndicho kinapata mstari wake. Mchezaji anabaki mwenye hadithi, na bando linapungua polepole pia.

Kilichofeli pili kilitutisha zaidi. Kwa wiki chache za kwanza vibarua walikuwa wazuri kuliko watu. Hawachelewi, hawabishani, hawaendi kula. Tukaona hata wale marafiki waliozoea kucheza pamoja kila mmoja anapita na Kobe wake, wanapishana njiani kama hawajuani. Ni zile nakala za pekee zimerudi kwa mlango wa nyuma. Tumefanya mambo mawili. Kwanza, kibarua anapiga kwa nguvu kama ya theluthi mbili ya mtu wa leveli yako, kwa hivyo unashinda lakini inachukua muda mrefu kidogo, vile ilivyo pia kwa Trust za Final Fantasy XIV, watu wa kweli wanamaliza haraka zaidi. Pili, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, mtu wa kweli akigusa vita yako, kibarua mmoja anarudi nyuma na kukaa chini kando ya njia, na posho yake ya vita hiyo hulipi. Mgeni akiondoka kibarua anasimama tena. Hakuna kualikana, hakuna kubonyeza kubali. Mtu akija unapata nafuu, akienda hupungukiwi.

Mei 24, 2025: netiweki ikikatika

Hii sikutarajia iwe sehemu ya mradi huu, lakini ukifuatilia kwa nini watu wanaogopa makundi unafika hapa. Mtu anacheza ndani ya matatu, anafika mahali netiweki inapotea, ama kioo cha simu kinazima na brauza inakata yenyewe. Evennia kwa kawaida ikiona umekatika inamtoa mhusika wako chumbani na kumhifadhi hadi urudi. Ni sawa kwa kuongea, kwa vita ni balaa, juu wenzako wanaona umeyeyuka katikati na hawajui kama umekatika ama umewatoroka.

Jaribio la kwanza, mhusika abaki amesimama. Akauawa kila mara. La pili, abaki na zimwi asimguse. Ndani ya siku chache watu wakajifunza kuzima data wakikaribia kufa, zimwi anawaacha, wanawasha data wanaendelea.

Ya tatu ndiyo imesimama. Ukikatika unapewa sekunde 90. Wengine wanaona "amesinzia" kando ya jina lako, zimwi hakugusi, lakini nawe huponi na damu yako haipandi, na ukirudi zimwi anakupa mzunguko mmoja tu kabla ya kukukumbuka. Sekunde zikiisha unahamishwa kwenye kambi ya karibu, zimwi anapungua kama umeondoka, na kama ulikuwa umeshiriki mizunguko minne fungu lako linakungoja kambini likiwa na jina lako. Kwa upande wa programu, unabadilisha at_post_unpuppet ya mhusika ili isimtoe mara moja, na unatumia delay ya Evennia ukiwa umeweka persistent=True ili hesabu isipotee seva ikirilodi, alafu unaifuta mtu akirudi. Kazi (function) unayoipa delay lazima iwe ya kawaida, inayosimama peke yake kwenye faili, ukitumia lambda (kazi isiyo na jina) haihifadhiki. Hapo nilipoteza usiku mzima.

Mlinzi amerudi. Anaweka simu mfukoni, supavaiza anapita, akitoa simu anakuta mali yake kambini.

Juni 28, 2025: mbinja, asante, na kufunga mlango wa minong'ono

Sasa lile la wanawake, na la yule kijana asiyependa kuongea. Mambo matatu.

Minong'ono, yaani ujumbe wa siri wa mtu kwa mtu, imefungwa kwa kila akaunti mpya. Unaifungua mwenyewe kwa jina la mtu mmoja mmoja. Kuna waliotuambia tunaua urafiki. Bado watu wanaongea sokoni mbele za wote, na anayeongea mbele za wote anaongea vizuri zaidi. Mialiko ya kundi nayo imezimwa kwa wote hadi uiwashe, na ukiwa umeizima anayejaribu kukualika haambiwi umekataa, anaambiwa tu huwezi kualikwa saa hii, ili asianze kukuuliza kwa nini.

Amri ya `mbinja` ni ya kuomba msaada bila neno. Ukiipiga, walio karibu wanaona "Unasikia mbinja kutoka mashariki". Mara ya kwanza tuliifanya isikike dunia nzima na ikawa kama steji ya matatu ya Odeon saa kumi na mbili jioni, kila sekunde mbinja, watu wakazima. Sasa inasikika vyumba viwili tu kila upande, unapitia exits (njia za kutoka) za chumba na kutuma kwa kila jirani na mwelekeo wake. Ukiipiga inakaa dakika tatu kabla ya kuipiga tena. Anayekuja haambiwi ni nani aliyeita, mwanamume ama mwanamke, mgeni ama mkongwe, anaona tu vita na anaingia ama anapita.

Ya mwisho ni `asante`. Ukiandika tu asante baada ya vita, kila aliyeshiriki nawe anapata pointi moja ya heshima na mstari mmoja. Heshima inanunua vitu vya urembo tu, rangi ya jina, kilemba, kanga ya mhusika wako yenye maneno unayoyachagua. Hapo tulikuwa na mjadala mkali kama heshima inunue silaha, na nimefurahi tulikataa, juu kingetokea kikundi cha kuasantiana usiku kucha.

Yule kijana wa chuo hajaandika sentensi hata moja sokoni hadi leo. Lakini ukiangalia heshima yake iko juu, yaani anaenda kila anaposikia mbinja. Kwa sheria zetu za zamani huyu alikuwa mtu aliyeshindwa na gemu.

Agosti 16, 2025: vyama, na siku ya mechi

Vyama vilikasirika, lazima niandike. Chama kimoja kikubwa kilituletea barua ndefu, kwamba wao walijipanga, waliamka usiku, walivuka daraja kwa jasho, na sasa mtu anavuka na Kobe. Nimeisoma barua ile mara nyingi na wana haki kwa sehemu. Walichopoteza si mali, ni jina. Kwa hivyo Mlima wa Radi unabaki wa watu watano wa kweli, vibarua hawapandi, na ukiushinda majina yenu yanachongwa kwenye jiwe pale njia panda ambapo kila mtu anapita. Lakini hakuna njia ya hadithi inayopitia mlimani, na silaha zake hazizidi nguvu zile ambazo mtu wa pekee anaweza kufua kwa muda mrefu zaidi. Kundi linakupa kasi na jina. Halikupi ruhusa ya kuendelea na gemu.

Alafu CHAN, yale mashindano ya soka ya Afrika, imetupa jaribio ambalo hatungeweza kulipanga. Agosti 10 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, wakicheza na Morocco pale Kasarani, seva ilibaki na watu wachache sana, na tukaangalia logi ya saa zile. Zamani wakati kama huo waliobaki wangeingia, wakute hakuna wa kuvuka naye, na kutoka. Safari hii walibaki. Wengine walikuwa na vibarua, wawili waliitana kwa mbinja karibu na kivuko, wakamaliza, wakapeana asante, kila mtu akaenda zake. Mechi ilipoisha 1-0 watu wakafurika sokoni kupiga kelele za ushindi na wale wachache walikuwa bado wako.

Gharama hadi hapa: seva shilingi 780 kila mwezi, na krediti ya shilingi 100 kwa kila mjaribu aliyekubali kutuambia ukweli, hiyo ndiyo pesa iliyofanya kazi kubwa zaidi. Muda wetu hatuuhesabu.

Kilichobaki ni soko. Saa hii kuuziana ni lazima wawili wawe mahali pamoja na wakubaliane, kwa hivyo anayecheza saa nane usiku anabaki na ngozi zake. Tunajenga kibanda cha kuachia bidhaa na bei, mtu ananunua ukiwa umelala. Ninachohofia ni ile ile ya Machi, kwamba kibanda kikiwa kizuri sana watu wataacha kusimama sokoni, kwa hivyo tunataka kibanda kiwe ndani ya soko lenyewe na lazima utembee hadi pale kuangalia. Tukikimaliza nitaandika.